Magugu Vamizi Kwenye Ardhi ya Viwanda Iliyovurugwa: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Ardhi iliyowahi kubeba kiwanda, reli, machimbo au malundo ya mabaki ya uchimbaji haina tabia ya shamba wala ya pori. Udongo wake wa juu umeondolewa au umechanganyika na kifusi, tabaka la chini limeshindiliwa na mitambo mizito, maji yamebadilishiwa njia, na mimea ambayo ingeyabana magugu imetoweka. Mahali pa namna hiyo gugu vamizi halina mshindani. Ndiyo maana msimamizi anayenyunyiza dawa kila msimu bila kuuliza gugu linatoka wapi hujikuta akipambana na magugu yaleyale mwaka baada ya mwaka, na mara nyingine eneo lililovamiwa likiwa limepanuka.

Maelezo yanayofuata yamepangwa kwa dalili, kwa kuwa dalili ndiyo inayoonekana kwanza. Yanachukulia kuwa gugu limekwisha kutambuliwa kwa jina lake la kisayansi. Kama bado, kazi ianzie hapo, kwa sababu hatua inayoua mmea mmoja huweza kuuzidisha mwingine.

Uchunguzi unaotangulia dawa

Gugu lolote linalochomoza kwenye ardhi iliyovurugwa lina asili moja kati ya tatu: limeota kutokana na mbegu zilizokuwa zimelala udongoni, limechipua kutoka kwenye mzizi au shina la chini lililobaki hai, au limeletwa na kitu kilichoingia eneo hilo hivi karibuni. Asili hizi tatu hazitibiwi kwa njia moja, na sehemu kubwa ya kazi inayoharibika huharibika kwa sababu hakuna aliyezitofautisha.

Kuzitofautisha kunahitaji jembe dogo na uvumilivu kidogo. Chagua machipukizi machache kutoka sehemu mbalimbali, uchimbe kuyazunguka badala ya kuyavuta, kisha usugue udongo polepole kwa vidole vyenye glavu. Mche uliotokana na mbegu huwa na mzizi mmoja mwembamba, mweupe, unaopungua unene kadiri unavyoshuka, na mara nyingi majani mawili ya kwanza bado yapo chini ya shina au yameacha kovu mbili zinazotazamana. Chipukizi la mzizi huonekana tofauti kabisa: shina lake changa limeshikamana na kitu cha zamani, cha kahawia na kigumu, ambacho mara nyingi kimelala mlalo na kina jeraha la panga au la meno ya mtambo. Kwenye ndago, Cyperus rotundus, utakuta viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama tasbihi. Ukikuta dalili hizo zote mbili katika eneo moja, chora mpaka kati ya sehemu za miche na sehemu za machipukizi, kwa sababu utakuwa na kazi mbili na siyo moja.

Kabla ya kuchimba, hata kwa jembe dogo, hakikisha unajua nyaya na mabomba yamepita wapi. Pale ambapo udongo unashukiwa kuwa na risasi, arseniki, masalia ya mafuta au vumbi la asbesto, usichimbe wala kung'oa bila ushauri wa mtu aliyepima udongo huo, kwa kuwa kung'oa magugu hurusha vumbi ambalo mimea ilikuwa imelituliza.

Dalili: magugu yamekauka, kisha yakarudi baada ya wiki chache

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa zaidi, nayo ina sababu nyingi kuliko nyingine zote. Lawama huelekezwa kwanza kwa dawa, kwamba ni dhaifu au ni bandia, ingawa mara nyingi dawa ilifanya kile inachoweza kufanya.

Sababu ya kwanza ni kwamba yaliyorudi si yale yaliyokufa. Glaifosati, dawa ya magugu inayotumiwa sana, huingia kupitia majani na haina nguvu juu ya mbegu. Ikigusa udongo hunaswa na chembe zake na kubaki bila kazi. Ukiua kizazi kilichopo, mwanga hufika ardhini na mbegu zilizokuwa zikingoja huota kwa pamoja. Gugu karoti, Parthenium hysterophorus, ni mfano mzuri: mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 15,000, huanza kutoa maua wiki 4 hadi 6 baada ya kuota, na mbegu zilizofukiwa hubaki hai kwa miaka kadhaa. Kwa gugu la aina hiyo, ratiba ya kunyunyiza mara moja kwa msimu haina maana, kwa sababu kati ya unyunyizaji mmoja na mwingine kizazi kizima huzaa na kumaliza. Ratiba ifuate mvua: kila baada ya mvua inayootesha, eneo likaguliwe na miche iondolewe kabla ya maua. Baada ya hapo ardhi isiachwe wazi.

Sababu ya pili ni kwamba majani yalikufa lakini mzizi haukuguswa. Dawa za mguso, kama parakwati na zile za asidi ya siki, hubabua majani kwa haraka na kumpa mtazamaji faraja, lakini hazisafiri hadi ardhini. Hata dawa inayosafiri ndani ya mmea hushindwa ikitumiwa wakati mmea unapandisha chakula kutoka mizizini kuelekea majani mapya. Mimea ya kudumu hushambuliwa vizuri zaidi inaposhusha chakula chini, yaani kuanzia kipindi cha maua na kuendelea, majani yakiwa mengi na yakiwa na afya. Wengi hunyunyiza mapema kwa sababu machipukizi ni mafupi na kazi ni rahisi. Kwangu mimi hiyo ni kuchagua urahisi wa bomba badala ya udhaifu wa gugu. Kuzidisha kipimo nako hakusaidii, kwani jani likiungua mapema mno husafirisha dawa kidogo tu.

Sababu ya tatu ni ya ardhi za viwanda hasa: dawa haikuingia ndani ya jani. Pita kando ya barabara ya malori na upitishe kidole juu ya jani. Ukiacha mstari wa kijani katikati ya utando wa kijivu, umepata jibu, kwa sababu chembe za udongo zinazoinasa glaifosati ardhini huinasa vilevile zikiwa juu ya jani. Maji ya bwawa yenye tope yaliyotumiwa kuchanganyia hufanya kazi hiyohiyo ndani ya tangi. Maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu kwa wingi, hufunga dawa kwa njia nyingine, na hapo salfeti ya amonia ikitangulia kuwekwa ndani ya maji kabla ya dawa huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Vumbi dawa yake ni kunyunyiza baada ya mvua kuosha majani na kabla ya malori kurudi barabarani. Mmea ulionyauka kwa ukame nao haupokei dawa vizuri, na mvua inayonyesha mapema huisafisha. Muda unaohitajika umeandikwa kwenye lebo na hutofautiana kati ya bidhaa moja na nyingine.

Sababu ya nne ni usugu. Mwaka 1996 nyasi za Lolium rigidum ziliripotiwa nchini Australia kuwa zimestahimili glaifosati, na tangu hapo spishi nyingi zimeongezeka, zikiwamo Conyza canadensis na Eleusine indica, ambazo zote hupenda kokoto za reli na pembezoni mwa viwanja vya kazi. Ardhi ya viwanda hukuza usugu kwa urahisi kwa sababu dawa moja hutumiwa peke yake kwa miaka mingi, bila kilimo wala mazao ya kubadilishana.

Sababu hizi hutofautishwa kwa mpangilio wa mimea iliyonusurika. Iliyonusurika ikiwa katika mistari iliyonyooka, tatizo ni pua ya bomba iliyoziba au mnyunyizaji aliyeruka nafasi. Ikiwa imejipanga kando ya barabara, ni vumbi. Ikiwa iliyonusurika yote ni mikubwa, na midogo yote imekufa, kipimo kilikuwa kidogo kwa umri huo. Lakini ukikuta mmea mmoja mzima, wa kijani, umesimama bega kwa bega na maiti za spishi ileile na za ukubwa uleule, na hali hiyo ikajirudia hapa na pale bila mpangilio, shuku usugu. Wakati huo ondoa mimea hiyo kwa mkono kabla haijatoa mbegu na ubadili dawa kwa nyingine yenye namna tofauti ya kuua. Kubadili jina la kibiashara hakusaidii ikiwa kiini ni kilekile.

Dalili: palipokatwa shina moja pameota kumi

Hapa asili ni mzizi, na kukata ndiko kulikouamsha. Mti wa Ailanthus altissima ukikatwa bila dawa hutoa vichipukizi kutoka kwenye kisiki na pia kutoka kwenye mizizi iliyo mbali na kisiki. Mathenge, Prosopis juliflora, huchipua upya kutoka kwenye macho yaliyo kwenye shingo ya mzizi. Ndago zikilimwa mara moja, mnyororo wa viazi hukatika na kila kiazi kilichokuwa kimezuiwa na mwenzake hupata ruhusa ya kuota. Reynoutria japonica ndiyo hatari zaidi kati ya zote: kipande cha rizomu, yaani shina linalotambaa chini ya ardhi, kisichofika gramu moja kinatosha kuanzisha mmea mpya, kwa hiyo tingatinga linalosawazisha eneo lenye gugu hilo linalipanda upya kila linapopita.

Kwa vichaka na miti, kisiki kipakwe dawa inayosafiri ndani ya mmea mara tu baada ya kukatwa, ndani ya dakika chache, kabla mmea haujaziba jeraha lake. Kinachohitaji kulowa zaidi ni pete ya nje, chini kidogo ya gome, ambako ndiko kuna njia hai za mmea. Kumwagia dawa katikati ya kisiki ni kuipoteza. Ailanthus yafaa itiwe dawa ikiwa bado imesimama, kwa kutoboa au kuchanja gome kuelekea mwisho wa majira ya ukuaji, kisha iachwe kwa siku 30 hivi kabla ya kukatwa, ili dawa ipate muda wa kushuka mizizini. Mathenge inaweza kuondolewa bila dawa iwapo mzizi mkuu utakatwa kwa kina cha sentimita 30 au zaidi, chini ya macho yote. Ndago hudhoofishwa kwa kutifuliwa mara kwa mara wakati wa kiangazi ili viazi vikauke juani. Kutifua mara moja na kuacha ni kuzizidisha.

Kuna ardhi ambayo haifai kuchimbwa hata kidogo, nayo ni ile iliyofunikwa kwa tabaka la udongo wa mfinyanzi au la plastiki nzito ili kuzuia taka zilizo chini. Mizizi ya miti huhatarisha tabaka hilo, lakini kung'oa kisiki hulitoboa papo hapo. Kwenye ardhi ya namna hiyo miti iondolewe ikiwa michanga, kwa kukata na kupaka dawa.

Dalili: gugu jipya limetokea mahali ambapo halikuwapo

Chukua ramani ya eneo na utie alama pale kila mmea mpya ulipoonekana. Alama zikikusanyika langoni na kwenye maegesho ya mitambo, mbegu zimekuja kwenye minyororo na magurudumu. Zikifuata mtaro, chanzo kiko juu ya mkondo, na huenda kiko nje ya mipaka yako. Zikiwa juu ya lundo moja tu, muulize aliyelileta lundo hilo alilichota wapi. Zikitawanyika sawasawa kwenye eneo lililopandwa nyasi, kagua mfuko wa mbegu na nyasi kavu zilizotumiwa kama matandazo.

Njia hizi ni za zamani. Senecio squalidus, mmea wenye asili ya Sicilia, ulitoroka kutoka bustani ya mimea ya Oxford na kusambaa Uingereza kupitia kokoto na mabaki ya makaa yaliyoungua kwenye reli ya Great Western, ambayo yaliufaa kwa kuwa yalifanana na udongo wa volkano ulikotoka. Gugu karoti nalo lilijulikana nchini India kuanzia mwaka 1955, na kwa kawaida huhusishwa na shehena za nafaka zilizoagizwa kutoka nje. Katika visa vyote viwili hakuna aliyekusudia kupanda chochote.

Hatua yenye faida kubwa ni ya langoni. Mitambo isafishwe kabla ya kuingia na kabla ya kutoka, kwanza kwa kukwangua tope kavu na baadaye kwa maji, katika sehemu moja iliyosakafiwa ambayo tope lake hukusanywa na kukaguliwa kila mvua inaponyesha. Kila shehena ya udongo, mchanga au kifusi iandikwe: ilikotoka, tarehe, na mahali ilipomwagwa. Daftari hilo huonekana kama kero hadi siku gugu linapotokea, na siku hiyo ndilo linaloeleza ni malori gani mengine yalimwaga udongo uleule na wapi. Malundo ya udongo wa juu yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ukarabati yasipandishwe juu sana na yasiachwe wazi, kwa sababu lundo lililosahaulika pembeni hujaa magugu, na udongo wake ukitandazwa hugawa mbegu kwa eneo zima.

Gugu jipya likiwa bado dogo, liondolewe lote mara moja hata kama limeota mahali pasipo na madhara. Hapa ndipo gharama ndogo huleta tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote katika kazi hii.

Dalili: magugu yanastawi, mimea iliyopandwa inakufa

Sababu ya kawaida ni mshindilio. Chimba shimo la kina cha sentimita 50 na utazame mizizi ya mimea iliyopandwa kwenye ukuta wa shimo: ikishuka kidogo kisha ikakunja pembe mraba na kutambaa kando, imegonga tabaka gumu. Kwenye udongo wa tifutifu, mizizi mingi huanza kutatizika uzito wa udongo unapokaribia gramu 1.6 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Tabaka hilo lipasuliwe kwa meno marefu ya mtambo udongo ukiwa mkavu. Ukiwa na maji, meno hupita na kulainisha kuta bila kuvunja kitu. Kupasua huamsha mbegu zilizolala, kwa hiyo subiri kundi la kwanza la miche liote, liue bila kuugeuza udongo tena, ndipo upande.

Sababu nyingine ni kiwango cha asidi. Kifusi cha zege hupandisha pH, kipimo ambacho hupungua kadiri asidi inavyozidi, kupita 8, na mimea isiyozoea hali hiyo huonyesha majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, kwa kuwa chuma kilichomo udongoni hakipatikani. Mabaki ya uchimbaji yenye salfaidi yakikutana na hewa na maji huzalisha asidi, na pH huweza kushuka chini ya 4. Chokaa hurekebisha hali hiyo ya pili ikiwa kiasi chake kimekokotolewa kutokana na asidi ambayo bado haijazalishwa, wala si pH ya leo peke yake.

Ya tatu hushangaza watu: mbolea. Magugu ya msimu mmoja hutumia naitrojeni kwa kasi kuliko nyasi na vichaka vya kudumu, hivyo mbolea nyingi mwanzoni huwalisha wavamizi. Mahali penye naitrojeni ya ziada, maranda ya mbao yakichanganywa na udongo wa juu hufanya vijidudu viishike naitrojeni hiyo kwa muda, na mimea ya kudumu ikapata nafasi ya kushika. Athari hiyo hupita, nayo haifai pale ambapo udongo ni maskini tangu mwanzo.

Dalili: magugu yameota juu ya kokoto na vitambaa vya kuzuia magugu

Hapa magugu hayatoki chini. Vumbi na majani makavu vimejaza nafasi kati ya kokoto, na mbegu zimetua juu na kuota humo. Nyasi zikivutika kwa urahisi zikiwa na mizizi ya kina kifupi, inatosha kuondoa tabaka hilo la uchafu na kuchekecha kokoto. Kitambaa kipya hakitasaidia. Mizizi ikiwa imekwisha kufumwa ndani ya kitambaa, kiondoe.

Dalili: mabaka ambamo hakuna kinachoota, na miti ya mpakani inakauka

Shuku kwanza mabaki ya dawa zinazodumu udongoni, hasa imazapiri, ambayo hufyonzwa na mizizi na huweza kuua mti ambao mnyunyizaji hakuugusa. Chota udongo wa baka na mwingine wa mahali penye mimea, ujaze katika makopo, na upande maharage na shayiri katika kila aina. Vikiota vizuri katika udongo mmoja na kudumaa katika mwingine, kuna kitu udongoni. Maabara ndiyo itakayosema kama ni dawa, chumvi au metali. Usipande chochote kwenye baka hilo, wala usilitandaze kwingine, hadi majibu yapatikane.

Magugu yaliyoondolewa na muda wa kufuatilia

Maua ya gugu karoti yaliyokwisha kufunguka huweza kukomaza mbegu hata baada ya mmea kung'olewa, kwa hiyo yafungwe kwenye mifuko papo hapo, na wanaoling'oa wafunike ngozi na pua kwa sababu husababisha mzio mkali. Rizomu zisiwekwe kwenye mboji. Magugu yaliyoota kwenye udongo wenye metali nzito yasilishwe mifugo wala kuchomwa moto, na moto usiwashwe kabisa juu ya taka zilizofukiwa ambazo huenda zinatoa methani, gesi inayoshika moto.

Ufuatiliaji uendelee kwa muda unaolingana na asili ya gugu. Eneo lenye akiba kubwa ya mbegu likaguliwe kila msimu wa kuota kwa miaka kadhaa baada ya mmea wa mwisho kuzaa, na hesabu hiyo huanza upya ikiwa hata mmea mmoja utapita mikononi mwa wakaguzi na kumwaga mbegu. Kwa Reynoutria, msimu mmoja bila machipukizi hauthibitishi chochote, kwa kuwa rizomu zilizotiwa dawa huweza kulala ardhini zikiwa hai na kuamka udongo unapotifuliwa. Mkandarasi anayeikabidhi ardhi hiyo kwa wajenzi baada ya msimu mmoja safi awaonyeshe kwenye ramani mahali gugu lilipokuwa.